Nukta za penseli kwenye daftari la marehemu baba: ni kipimo gani cha maji?

Bintiye Injinia, Mkomani

Assalam aleikum jamaa. Baba alitutoka mwezi jana, Mungu amrehemu. Alikuwa injinia wa maji hapa Amu (Lamu), na umri wake mwingi aliumalizia kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela. Ijumaa tuna hitma, na ndugu zangu wamenipa kazi ya kuandika kurasa mbili tatu za maisha yake ili wajukuu wawe nazo. Vyeti na miaka ya kazi nimeshavipata. Kilichonikwamisha ni daftari.

Lina jalada gumu jeusi, kona zake zimeliwa na unyevu, na kila nikilifungua linamwaga chembe za mchanga mezani. Kuna tarehe, namba ya kisima, kina cha maji, kisha hali ya bahari, "bamvua" au "maji mafu", na upepo, kusi au kaskazi. Hayo nayaelewa. Nilikuwa nikimwona akipaka chaki ncha ya utepe wa chuma, anauteremsha kisimani taratibu, akishaupandisha anatazama chaki imelowa mpaka wapi. Mara nyingi alinipa mimi nimsomee. Nikisema "mbili na nusu", anauliza, "Nusu kamili?" Basi narudia kusoma. Sentimita moja ilitosha kumkosesha usingizi.

Sasa pembeni kabisa mwa ukurasa kuna nukta za penseli. Siku nyingine moja, siku nyingine tatu, hazizidi tano. Karibu zote zimezungushiwa duara. Nilidhani ni kiwango cha chumvi, labda alionja maji akayapa alama. Mwenye kujua mambo ya visima anisaidie. Sitaki kuandika uongo juu ya kazi aliyoipenda vile.

Mwanajiolojia, Malindi

Pole sana dada. Wazo la chumvi lina msingi. Hapo Shela mvua huzama mchangani, na yale maji ya pepo, yaani maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake. Kwa hesabu tunayofundishwa, kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina futi kama 40 nyingine chini ya usawa huo. Mkivuta kupita kiasi, maji yakashuka futi moja tu juu, chumvi nayo hupanda kutoka chini, na kwa hesabu hiyohiyo inaweza kufika futi 40. Kwa hiyo mzee alikuwa na haki ya kukosa usingizi kwa sentimita moja. Mji mzima ulikuwa unakunywa hapo.

Ila chumvi hupimwa kwa kifaa na huandikwa kwa namba. Nukta zenye duara sijawahi kuziona mahali. Hebu angalia, zinaongezeka wakati wa kiangazi?

Bintiye Injinia

Nimepitia kurasa zote usiku huu. Kiangazi au masika, hakuna tofauti. Zinaongezeka Jumamosi na Jumapili, na mwezi wa Agosti na Desemba. Nimechanganyikiwa zaidi.

Mvuvi wa Kipungani

Poleni nyumba nzima. Babako huku tulimjua sana. Alikuja kwa miguu akifuata ufuo wa nje, zaidi ya kilomita 10 za mchanga mtupu, na akifika haulizi kiti, anauliza pepo za wiki ile. Alizijua vizuri, hata nahodha walikaa wakamsikiliza.

Usiku mmoja kasa alipanda pwani kutaga. Babako alizima tochi, akawalaza watoto wake kifudifudi kwenye mchanga, akanong'ona kwamba kasa akiona mwanga hugeuka akarudi baharini bila kutaga. Tulikaa hivyo mpaka kasa akamaliza, akafukia mayai kwa mapezi yake ya nyuma, akashuka majini. Mtoto mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili asikohoe. Mpaka leo nikimwona kasa namkumbuka mtoto yule.

Habari za nukta sizijui. Ninachojua, peke yake sikumwona akija hata siku moja.

Fundi wa pampu, mstaafu

Binti yangu, nimesomewa maneno yako na mjukuu wangu, na huyuhuyu ananiandikia. Nukta ni nyinyi.

Siku moja mlikuja naye Shela wote watano. Kazi ilichelewa, jua likatua, maji yakawa yanajaa, na njia ya ufuoni wakati ule ikifunikwa hupiti. Tukaharakisha. Tulipokaribia mji akahesabu, akapata wanne. Wewe ulikuwa mbele na taa, nadhani hukujua. Mimi na yeye tulirudi mbio gizani, tukamkuta mdogo wenu amelala chini ya mvinje, ameshika kiatu kimoja. Injinia hakusema neno. Alimpakata, akambeba hadi nyumbani, na njia nzima nikisikia anavyohema.

Tangu hapo, tukifika kisima cha kwanza anatia nukta kwa kila mtoto aliyekuja naye. Jioni, mlangoni kwenu, hata viatu hajavua, anatoa penseli anazungusha duara. Nilimwambia, Injinia, daftari hili ni la kazi. Akanijibu, "Hiki ndicho kipimo nisichoruhusiwa kukosea."

Bintiye Injinia

Ami, nimesoma nikiwa jikoni, nikalazimika kuzima jiko nikae chini.

Nimerudi kwenye daftari. Kuna ukurasa mmoja wa Agosti una nukta tano, maduara manne. Siku hiyo nilishikwa na homa kwa bibi, Shela, nikalala hukohuko. Mstari unaofuata una tarehe ya kesho yake. Hakuna kisima, hakuna kina, hakuna upepo. Kuna nukta moja tu ndani ya duara.

Safari ile naikumbuka. Njia ilikuwa imeshafunikwa na maji, akanipandisha mabegani, viatu vyake amevifunga kamba akavining'iniza shingoni, maji yanamfika magotini. Nilikuwa nimeshika masikio yake na mkono wangu mmoja ulikuwa bado una joto la homa. Akawa ananitajia ndege tuliowapita, mmoja mmoja, ili nisisinzie.

Kurasa za wajukuu zitaanza na mstari huo. Ami, tafadhali Ijumaa usikose, tunaanza baada ya Alasiri. Kaka yangu mdogo hajui habari ya mvinje, na nataka aisikie kwa kinywa chako.