Mdogo wangu anataka kuhamia shahada ya maandalizi ya dharura na usalama huko Marekani. Akirudi Dar nani atamwajiri?

Mtaa wa Kongo

Wakuu, habari za wikiendi. Naombeni mawazo, maana nyumbani kwetu kikao kimevunjika mara zaidi ya moja.

Mdogo wangu yuko Marekani, jimbo la New York, anasoma kwenye chuo cha jamii karibu na mji wa Albany. Kwa wasiovifahamu, hivi ni vyuo vya miaka 2, ada yake nafuu kuliko chuo kikuu. Ukimaliza unahamia chuo kikuu, unamalizia miaka 2 mingine, unatoka na shahada. Huo ndio ulikuwa mpango wa familia: aanzie pa bei nafuu, kisha ahamie kusoma uhasibu. Mlipaji ni mama, ana duka la vitenge hapa Kariakoo, na mimi ndiye nakaa kaunta. Dola ikipanda hatuhitaji kuambiwa na taarifa ya habari.

Sasa kijana amebadili gia angani. Hataki tena uhasibu. Anataka Chuo Kikuu cha Albany, anasema kuna ndaki inayofundisha maandalizi ya dharura, usalama wa nchi na usalama wa mitandao, vyote chini ya shahada moja. Mama kusikia tu neno "usalama" akashika kichwa: "Nimeuza vitenge miaka yote hii mwanangu akawe kachero wa Wamarekani?" Mjomba akadakia kwamba maafa kazi yake ni kusubiri yatokee, na mtu wa kusubiri halipwi. Nilitaka kumtetea mdogo wangu nikaishiwa maneno, maana hata mimi hiyo kozi siielewi.

Kilichomsukuma nakijua. Ile Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo, kwao ulikuwa usiku. Alitutafuta kwenye simu weee, hatupatikani, akabaki anaangalia video za watu wanafukua kwa nyundo na mikono. Tulipoongea, baada ya kujua mama mzima, swali lake lilikuwa: "Kaka, pale nani alikuwa anaongoza nani?" Nikamwambia kila mtu alikuwa anasaidia. Akasema sikujibu swali.

Kwa hiyo nauliza kwa wanaojua: masomo aliyokwishasoma yatahesabiwa huko anakotaka kuhamia, au tunaanza kulipa upya? Kazi atapata? Na akirudi hapa Dar, kuna mlango wowote wa kugonga na cheti cha namna hiyo?

Dada Sinza

Kaka, kwanza mpe mama maji anywe. Hakuna ukachero hapo. Nimesoma jimbo hilo hilo, nikaanzia chuo cha jamii kama mdogo wako, ingawa fani yangu ni afya na usalama kazini. Ndaki anayoisema naifahamu, ilianzishwa 2015. Shahada ni moja, ila ndani yake unachagua mkondo: maandalizi ya dharura, usalama wa nchi au usalama wa mitandao. Huo mkondo ndio wa kuujadili kwenye kikao chenu, kuliko jina la shahada.

Nianze na hela, maana najua ndiyo inayouma. Shahada ya kule kwa kawaida ni krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa masomo, na chuo cha jamii kinakupa nusu yake. Mwambie mdogo wako akutumie jina la cheti anachosomea, herufi kwa herufi. Kama ni AA au AS, hivyo vimetengenezwa kwa mtu anayetaka kuhamia, na vyuo vingi vya umma vya jimbo la New York viko kwenye mfumo mmoja wenye utaratibu wa kupokeana wanafunzi. Kama ni AAS, hicho kimepikwa kwa mtu anayemaliza aingie kazini moja kwa moja. Hakimzuii kuhamia, ila masomo mengi yanaweza kukosa pa kukaa.

Na hapa ndipo wengi wanapochanganywa. Chuo kikuu kinaweza kukwambia "tumepokea krediti zako zote", ukafurahi, ukapika pilau. Kumbe zimepokelewa kwenye jumla tu, hazijazi nafasi za masomo ya lazima ya shahada. Mwenzangu niliyeishi naye alikuwa na krediti za kutosha kabisa kuitwa mwaka wa tatu, lakini masomo ya lazima ya fani yake alianza nayo chini. Krediti za uhasibu za mdogo wako zina hatari hiyo. Kiingereza, takwimu, sayansi ya siasa na saikolojia havina shida sana. Hesabu za mizania zitakwenda kukaa kwenye masomo ya hiari. Aombe tathmini ya maandishi inayoonyesha kila somo limeingia wapi, na msilipe hata amana ya nafasi kabla hamjaiona. Silabasi za masomo yote aliyosoma azitunze, maana mshauri wa masomo akikataa somo, silabasi ndiyo wakili wako.

Kama yuko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, asiache masomo katikati kwa hasira za kugombana na mama. Anatakiwa awe mwanafunzi wa muda wote, kwa shahada ya kwanza ni krediti 12 kwa muhula, na kumbukumbu zake zihamishwe rasmi kutoka chuo hiki kwenda kile, chuo kipya kimpe fomu mpya ya I-20. Akienda likizo Dar katikati ya hayo yote, aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kama ataweza kurudi. Masharti ya viza kwa Watanzania hayatulii, msitegemee hadithi za mtu aliyesafiri mwaka juzi. Wala za kwangu.

Kuhusu kazi nitasema wazi. FEMA, lile shirika lao la maafa lililoanzishwa 1979, tangu 2003 liko ndani ya wizara ya usalama wa nchi. Ajira za serikali kuu ya Marekani karibu zote zinataka uraia, na mkondo wa usalama wa nchi unaelekeza huko huko, tena nyingine zinataka na upekuzi wa historia yako. Mgeni wa F-1 akiusoma huo mkondo amenunua ufunguo wa nyumba asiyoruhusiwa kuingia. Baada ya shahada kwa kawaida ana miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na alichosoma. Hospitali, vyuo, kampuni za umeme na mashirika ya misaada huko yana watu wa mipango ya dharura, aelekeze macho upande huo. Mkondo wa maandalizi ya dharura au wa mitandao atarudi nao nyumbani ukafanya kazi.

Chalii wa Tandika

Bongo kazi ni kujuana tu. Asome uhasibu arudi afunge mahesabu ya duka la bi mkubwa. Maafa tunayo tayari, ya nini kwenda kuyasomea na dola 😂

Mtaa wa Kongo

@Chalii mahesabu ya duka nafunga mimi kwa daftari na TRA hawajalalamika. Acha utani kwanza.

@Dada Sinza shukrani sana. Nimempigia, cheti chake ni AS. Lakini masomo ya uhasibu ameshafanya kama matatu hivi. Mama nimemsomea ujumbe wako wote kwa sauti, hapo kwenye "msilipe hata amana" akasema huyu binti ana akili. Tatizo limebaki la kurudi Dar.

Mzee wa Mpira wa Maji

Vijana, salaam. Nimestaafu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa hiyo nitasema ninayoyajua, ya Marekani nawaachia wenyewe.

Swali la huyo kijana kuhusu nani alikuwa anaongoza nani ni swali la kitaalamu. Jengo likianguka hapa mjini, wa kwanza kufika ni majirani na wapita njia, na hao ndio huokoa wengi wa mwanzo. Kisha wanafika zimamoto, polisi, wanajeshi, Msalaba Mwekundu, magari ya wagonjwa, viongozi, waandishi wa habari na fundi mwenye kreni yake aliyejitolea. Wote wana nia njema, ila kila mmoja ana bosi wake na redio yake. Sasa chukua jambo dogo tu: ukimya. Ili umsikie mtu aliye chini ya kifusi lazima mashine zizimwe, watu wanyamaze, mtu agonge, asikilize. Nani mwenye mamlaka ya kumwambia mwenye kreni azime, na mwenye kreni akatii? Wenzetu wa California, baada ya moto mkubwa wa misitu wa 1970, walikaa wakatunga mfumo wa kuongoza tukio ambao unatumika hadi leo: mkuu mmoja wa tukio, lugha moja, na kila mtu anamjua mmoja tu wa kumpa taarifa. Ukiingia kazini usiku wa manane unajua ripoti unaitoa wapi. Kijana akiusoma huo vizuri na akaufanyia mazoezi, huku anahitajika.

Mjomba wenu amesema ni kazi ya kusubiri. Mimi miaka yangu kazini nimekimbia zaidi kwenye ukaguzi na mafunzo kuliko kwenye moto. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, inataka kuwe na kamati za maafa toka taifa, mkoa na wilaya hadi chini kwenye mtaa na kijiji. Kamati ipo kwenye karatasi, lakini mpango wake anauandika nani? Mara nyingi ni ofisa mwenye kazi nyingine saba. Uwanja wa ndege nao, kwa kanuni za kimataifa, unatakiwa kufanya zoezi kamili la dharura ndani ya kila miaka 2, na zoezi hilo mtu analipanga. Kuna bandari, kuna maghala ya mafuta Kigamboni, kuna bomba la gesi kutoka Mtwara, kuna treni ya umeme. Huko ndiko pa kugonga. Serikalini ajira zinapita Sekretarieti ya Ajira na tangazo hutaja fani kwa jina, kwa hiyo cheti chenye jina geni kinaweza kumsumbua. Msimfiche hilo.

Nina ushauri mmoja wa kumtuma: asome ramani za kompyuta. Maafa ya mji huu ni maji zaidi ya kitu kingine. Desemba 2011 mto Msimbazi ulipojaa, waliohamishiwa Mabwepande walitoka mabondeni ambako ramani za ofisini hazikuonyesha hata nyumba zao. Ilipoanza Ramani Huria mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe walipita mitaani wakichora nyumba, mifereji, na mstari ambao maji hufika. Nilikaa na vijana wale siku moja Tandale. Mama mmoja aliwaonyesha alama ya maji kwenye ukuta wake, juu ya kitasa cha mlango, nao wakaiingiza kwenye simu. Kwangu taarifa ile ilikuwa bora kuliko ripoti nyingi nilizosaini. Msomi anayerudi na elimu ya vimbunga na theluji bila kujua kulichora bonde la Jangwani hapa Dar atapata tabu.

Dada Sinza

Shikamoo mzee. Hapo kwenye jina la cheti naongezea. Shahada ya nje inapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kufanyiwa utambuzi, wanaangalia kama chuo kinatambulika kwao na shahada ni ya ngazi gani. Albany ni chuo cha umma, sioni shida hapo. Ila TCU haitabadilisha jina likafanana na tangazo la kazi. Ndiyo maana ningemshauri mdogo wako abebe na kitu cha pili kinachosomeka kirahisi: hizo ramani, au takwimu, au usalama wa mitandao. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, benki na kampuni za simu zina sababu zaidi ya kutafuta watu hao. Na likizo moja aje afanye fildi hapa Dar, kama viza itamruhusu kurudi, ili jina lake lijulikane kabla cheti hakijafika.

Hayo masomo matatu ya uhasibu wala yasikutishe. Mtu wa maafa asiyejua bajeti ni mzigo ofisini, nawaona kila siku.

Mtaa wa Kongo

Asanteni nyote, mzee shikamoo. Nimekaa na mama jioni baada ya kufunga duka. Ukachero umeisha, sasa anamwita mdogo wangu "bwana maafa". Ameuliza swali ambalo nimeshindwa: akimaliza hiyo kozi, atakuwa na uwezo wa kuja kukagua jengo letu aseme litaanguka au halitaanguka?

Mzee wa Mpira wa Maji

Marahaba. Mwambie mama hapana. Uimara wa jengo ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na bwana maafa akikwambia ameupima kwa macho mfukuze. Yeye atawauliza mengine: mkiwa dukani mko wangapi, mlango wa pili uko wapi, umeme unazimwa wapi, na nani ana orodha ya walioko juu ghorofani. Maduka mengi ya huko niliyokagua, marobota yamepangwa kwenye ngazi. Hayo hayahitaji shahada, mnaweza kuyatoa kesho.

Mtaa wa Kongo

Nimemsomea. Kacheka, halafu kaniambia nikuulize saa ngapi za kazi wanakuja wakaguzi wa zimamoto na kama wanatoza.

Kwa kijana tumekubaliana hivi: aombe Albany, mkondo wa maandalizi ya dharura, muhula ujao achukue somo la ramani hapo hapo chuoni kwake kama lipo. Dola ya amana haitoki dukani mpaka hiyo tathmini ya krediti iingie kwenye simu yangu. Chalii, wewe njoo ununue kitenge.