Naomba ushauri: Draw Steel au Daggerheart kwa meza ya wachezaji 5?

Wanajamvi, habari zenu. Naongoza meza ya wachezaji 5 wa michezo ya kuigiza wahusika kwa dadu (RPG), vikao vya saa 3, na tumezoea Dungeons & Dragons. Pambano moja linakula karibu nusu ya kikao. Nimeweka dakika 1 kwa kila zamu na kupunguza uhai wa mazimwi kwa theluthi. Muda umepungua kweli, lakini sasa mazimwi wanakufa kabla hawajamtisha mtu.

Nimebaki na mifumo miwili ya 2025. Draw Steel hutumia dadu 2 za pande 10, na jumla huamua uzito wa pigo tu: 11 kushuka, 12 hadi 16, au 17 kupanda. Hakuna zamu inayopotea kwa kukosa shabaha, na hilo nalipenda sana. Daggerheart ina dadu 2 za pande 12, moja ya Tumaini na nyingine ya Hofu, bila mpangilio wa zamu. Tulipoijaribu, wachezaji 2 wapole walimezwa na wenzao. Nikaongeza kanuni ya hiari ya vihesabio 3 kwa kila mtu (kila ukitenda unatoa kimoja, vikiisha unasubiri wenzako wamalize vyao). Wakapata nafasi, ila mtiririko ukakatika.

Mliochezesha Draw Steel kwa watu 5, pambano la kawaida huchukua dakika ngapi? Na kwenye Daggerheart, wapole mnawapaje nafasi bila vihesabio?