Mjasiriamali ana nafasi gani katika kujenga sekta ya hempu ya viwandani?

Muuza Kamba wa Kirumba:
Wanajukwaa, salaam. Ninauza kamba, magunia na nyavu karibu na mwalo wa Kirumba hapa Mwanza. Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia habari za hempu, yaani ule mmea wa jamii ya bangi ambao nchi kadhaa zinauruhusu kwa ajili ya nyuzi na mbegu, mradi THC, kemikali inayolevya, isizidi kiwango cha kisheria, ambacho Marekani ni asilimia 0.3. Katika habari hizo mkulima hutajwa, serikali hutajwa, lakini mjasiriamali huonekana kama mtu wa kuleta mtaji tu. Kazi yake hasa ni ipi? Na sisi wa Kanda ya Ziwa tunaweza kujifunza nini? Nauliza kwa sababu kamba ninazouza karibu zote ni za plastiki, na vipande vyake ninaviona vikielea ziwani.

Wakili wa Ilemela:
Ndugu yangu, tuanze na sheria ili asije mtu akapotea. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kilimo cha bangi nchini, na mtu anayepanda hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mmea wake haulevyi. Tafadhali usiagize mbegu wala usimshawishi mkulima yeyote. Kujifunza kwa wenzetu hakukatazwi.

Mkufunzi wa Nyegezi:
Nakubaliana na Wakili, na nitajibu upande wa kiwanda, kwa kuwa ndipo mjasiriamali anapohitajika zaidi.

Bua la hempu lina sehemu mbili: ganda lenye nyuzi ndefu, na kiini chepesi kinachofanana na vipande vya mti, ambacho ndicho sehemu kubwa ya uzito. Baada ya kukatwa, mabua huachwa shambani ili umande na vijidudu vilegeze gundi inayoshikilia nyuzi, kisha hupelekwa kwenye mtambo wa kutenganisha nyuzi na kiini. Mabua ni mengi kwa ujazo na bei yake kwa tani ni ndogo, kwa hiyo yakisafirishwa mbali faida yote huishia kwenye mafuta ya lori. Hapo ndipo ilipo kazi ya mjasiriamali: kuweka mtambo karibu na mashamba, kupata mnunuzi wa nyuzi, na kupata pia mnunuzi wa kiini, ambacho Ufaransa huchanganywa na chokaa na kujengea kuta. Mwenye soko la nyuzi peke yake atazikwa na lundo la kiini.

Waliopuuza utaratibu huo waliumia. Sheria ya kilimo iliyosainiwa Marekani Desemba 2018 ilipoiondoa hempu katika orodha ya dawa zilizodhibitiwa, wakulima wengi walikimbilia kupanda mwaka 2019, wengi wao kwa ajili ya mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya mmea huo ambayo hailevyi. Mavuno yakazidi uwezo wa mitambo na wanunuzi, bei ikaporomoka, na wako waliobaki na mazao ghalani. Shamba lilitangulia, kiwanda na soko vikachelewa.

Kwetu, zao la nyuzi lililo halali ni mkonge, na tabia yake si tofauti sana. Singa, yaani nyuzi za mkonge, ni takriban asilimia nne tu ya uzito wa jani, ndiyo maana korona, mtambo wa kutoa nyuzi hizo kwenye jani, hujengwa jirani na shamba. Neno langu la mwisho ni kuhusu maji: atakayeanzisha usindikaji wa nyuzi ukanda huu asielekeze majitaka ziwani, maana hurutubisha gugu maji, na tulilonalo linatosha.

Binti wa Magu:
Shikamoo Mkufunzi. Naomba kuongeza jambo moja ambalo kwangu ni zito, kwa kuwa nimekulia kwenye pamba. Mjasiriamali akimiliki mtambo, mizani na bei kwa pamoja, mkulima hana pa kukimbilia. Wazee wetu wa Usukuma walilijua hilo: miaka ya 1950 waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba, na kutokana na juhudi hizo, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria hapa Mwanza, ambalo baadaye lilimiliki viwanda vya kuchambua pamba. Kule Ufaransa, katika jimbo la Aube, usindikaji wa hempu unaendeshwa na ushirika wa wakulima. Kwa hiyo mjasiriamali ninayemtaka ni yule anayeandika mkataba wa bei kabla ya mbegu kuingia ardhini na kuwaruhusu wakulima wawe na hisa katika mtambo.

Muuza Kamba wa Kirumba:
Nawashukuru wote kwa moyo. Nilikuwa nimeanza kwa kuulizia bei ya mashine, kumbe nilipaswa kuanza na wateja wangu. Wiki hii nitapita kwa wafunga mizigo ya dagaa na wenye mitumbwi niwaulize wanahitaji kamba ya unene gani, kwa urefu upi, na kama wangekubali ya mkonge kwa kazi zisizokaa majini muda mrefu. Dada wa Magu, kama unafahamu kikundi cha wakulima wenye mkonge mipakani mwa mashamba yao, naomba tuwasiliane. Nitakuja na majibu ya wateja, wala sitamwambia mtu apande kabla ya hapo.