Kitabu cha PostgreSQL 9.4 bado kinafaa kwa seva ya toleo la 15?

Fundi_Jedwali
Wakuu, nina kitabu cha PostgreSQL 9.4 (programu ya hifadhidata) na kingine cha usimamizi wa seva za Linux cha mwaka 2011. Seva ninayoitunza ina Debian 12 na PostgreSQL 15. Sura zipi nisome, zipi niruke? Na kama ni kununua kitabu kimoja tu cha hifadhidata, nianze na kipi?

mlinzi_wa_seva
Mkuu, sura za kurejesha nakala rudufu na za seva pacha (seva ya akiba inayonakili seva kuu) usizifuate hata kidogo. Zitakwambia uunde faili la recovery.conf, na tangu toleo la 12 seva ikilikuta faili hilo inakataa kuwaka. Mipangilio yake ilihamia postgresql.conf, na seva pacha sasa hutambulishwa kwa faili tupu liitwalo standby.signal. Angalia unapoliweka: kwenye Debian mipangilio iko /etc/postgresql/15/main, lakini faili hili linakaa na data, /var/lib/postgresql/15/main.

Skripti zinazotaja pg_xlog nazo zitakwama, maana tangu toleo la 10 saraka hiyo, inayotunza rekodi za mabadiliko ambazo hifadhidata hutegemea, ni pg_wal. Jina la zamani lilikuwa hatari kweli: diski ikijaa, watu walidhani ni kumbukumbu (log) za kawaida, wakafuta, hifadhidata ikaharibika.

Ukiona md5 kwenye mifano ya pg_hba.conf (faili linaloamua nani aingie na kwa njia gani), weka scram-sha-256, njia imara zaidi ya kuhakiki nywila.

Msoma_Mpango
Sura za faharasa, miamala na kufuli zisome zote, tena kwa makini. Mti wa B, muundo wa kawaida wa faharasa, ni uleule. Ukiwa na faharasa ya (mteja_id, tarehe), hoja inayochuja kwa tarehe peke yake hainufaiki nayo ipasavyo, kwa sababu imepangwa kwa mteja kwanza. Vilevile `WHERE date(tarehe) = '2024-03-01'` haitumii faharasa ya kawaida ya safu ya tarehe; andika `tarehe >= '2024-03-01' AND tarehe < '2024-03-02'`. Kila mfano wa kitabu upitishe kwenye `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`, amri inayoonyesha hoja inavyotekelezwa, ukiwa na jedwali la mistari laki kadhaa. Jedwali la mistari kumi litasomwa lote hata faharasa ikiwepo, nawe utadhani kitabu kimekosea.

Pa kuangalia ni WITH tu, yaani hoja ndogo inayopewa jina mwanzoni mwa hoja kuu. Vitabu vya kabla ya toleo la 12 husema sehemu hiyo hukokotolewa peke yake kwanza. Sasa ikitumika mara moja na haina athari ya pembeni, huunganishwa na hoja kuu. Ukitaka tabia ya zamani, andika MATERIALIZED.

Cha kununua: SQL Performance Explained cha Markus Winand. Ni cha 2012, lakini kinaeleza sababu, ndiyo maana hakijachakaa.

mlinzi_wa_seva
Hicho cha Linux cha 2011 kitumie kwa ruhusa za mafaili, michakato na misingi ya mtandao. Uwashaji wa huduma kwa /etc/init.d ruka, Debian ilihamia systemd (mfumo mwingine wa kuwasha na kusimamia huduma) toleo la 8. Amri za mtandao za ifconfig na netstat huenda usizikute. Tumia `ip addr` na `ss -tlnp`.

Fundi_Jedwali
Asanteni sana. Je, nikiweka 9.4 kwenye kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta) ili nifuate kitabu neno kwa neno?

Msoma_Mpango
Kwa mazoezi inafaa, ila mlango wake (port) uufunge kwa 127.0.0.1, yaani ufikiwe na kompyuta hiyo tu, kwani 9.4 haipati marekebisho ya usalama tangu Februari 2020. Na kama kitabu ni PDF, usinakili amri moja kwa moja. Alama za nukuu hugeuka kuwa zilizopinda na vistari viwili vya maoni huungana kuwa kimoja kirefu, kisha SQL inalalamikia mstari ambao kwa macho hauna kosa. Andika kwa mkono.