Mjadala: Magenge ya mtaani yafutwe, wote tukanunue mboga sokoni?

Wakuu, naweka mada mezani. Mtaani kwetu Mbagala magenge manne ya kando ya barabara yamebomolewa asubuhi moja, tukaambiwa mboga zipo sokoni. Hoja za waliobomoa nazijua: hifadhi ya barabara, mitaro kuziba, uchafu. Si hoja za kijinga. Ila tupige hesabu kabla hatujapiga makofi.

Genge nililozoea lilikuwa hatua sitini toka mlangoni kwangu. Fungu la mchicha 300, nyanya tatu 500, bamia za 200, na ukimkuta ana moyo mzuri anakuongezea pilipili. Saa mbili usiku bado yupo na taa yake ya sola. Leo hizo mboga nizifuate soko la Stereo, Temeke. Tangu Desemba 2023 nauli ya daladala kwa kilomita kumi za mwanzo ni 600. Kwenda na kurudi 1,200. Nauli imeshazidi mboga yenyewe!

Mtasema sokoni bei ni rahisi. Kweli, kwa anayebeba sado au tenga zima. Mimi kibarua, nalipwa jioni kwa jioni, friji sina. Sado ya nyanya nitaiweka wapi kwa joto hili la Dar?

Kilichobaki mtaani ni chipsi, maandazi na soda. Hivyo havifukuzwi. Wiki hii nyumbani tumekula ugali na dagaa siku nne mfululizo. (Dagaa namheshimu, lakini siku nne?)

Msimamo wangu: genge lipewe sehemu, lisifutwe. Mwenye kupinga aje.

Bwana afya mstaafu: Mtoa mada, umeongea kwa uchungu lakini kuna kitu umekiruka. Kipindupindu kilipolipuka Dar Agosti 2015 nilikuwa kazini. Nimewaona watu wananyunyizia mchicha maji ya mtaroni usinyauke, kisha mteja anausuuza mara moja tu na kuukaanga juu juu. Genge halina choo wala maji. Unataka mboga karibu, sawa, lakini mboga ya namna gani?

Mtoa mada: Shikamoo mzee wangu. Kwenye maji nakubali, nilipitiwa. Ila mchicha wa bonde la Msimbazi unauzwa genge na sokoni vilevile. Kuhamisha meza hakujauosha.

Dereva wa kirikuu: Nyinyi mnagombania meza, mimi niwaambie ya barabarani. Nyanya zinatoka Ilula, kabichi na karoti Lushoto, vitunguu Ruaha Mbuyuni. Zikishuka soko la Ilala alfajiri, dalali anakula chake, ushuru unakatwa, mbebaji naye yupo. Zamani kina mama watano walikuwa wananichangia kirikuu moja, nawashushia wote mtaa mmoja. Sasa wametawanyika, kila mmoja anapakia kigunia chake kwenye bodaboda. Hiyo tofauti anailipa nani kama si wewe wa fungu la 500?

Mwenye fremu: Hapa mnaonea huruma upande mmoja. Mimi nauza mboga ndani ya fremu, nalipa kodi ya pango na leseni, halafu mtu anatandika turubai mbele ya mlango wangu bila kulipa hata senti. Akisogezwa, mimi ndiye mbaya?

Mama genge: Mnayemjadili ndio mimi. Desemba 2018 vilipotoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, nilitoa 20,000 yangu, nikajua sasa nimetulia. Oktoba 2021 machinga tulipohamishwa Dar nzima, na mimi nikaambiwa nibebe meza. Nilikopelekwa palikuwa na paa zuri na sakafu ya saruji, ila mteja hapiti. Mboga zangu zilioza siku tatu, nikarudi barabarani. Kaka wa fremu, kodi sikatai, nataka ya kulipa kwa siku. Halafu kuna jambo hamjaligusa: daftari. Langu lina majina thelathini na moja. Wanachukua matembele Jumatatu, wanalipa Jumamosi. Sokoni nani atakukopesha bamia za 200?

Bwana afya mstaafu: Mama, hilo la daftari sikulifikiria. Nililokuwa naliona mimi ni inzi tu.

Mtoa mada: Basi nami nirekebishe msimamo. Meza kando ya mtaro hapana, mzee ameshinda. Napendekeza kiwanja kile nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa: meza kumi, bomba moja, ushuru wa siku ili mwenye fremu asione anaonewa, na kirikuu iweze kushusha mara moja. Ni hatua mia mbili kutoka lilipokuwa genge, mteja atafika kwa miguu hata usiku.

Tatizo, kiwanja hicho sasa hivi kimegeuzwa maegesho ya malori mabovu, na hakuna anayetaka kusema ni ya nani. Mkutano wa mtaa ni Jumamosi saa kumi jioni. Mzee, tunakuhitaji useme la maji. Mama, njoo na daftari.

Mama genge: Jumamosi ndiyo siku ya kukusanya madeni. Nitakuja saa kumi na moja.