Masaa kumi na zaidi angani: tupeane uzoefu

Kiti cha Nyuma: Wadau, nimekutana na video yenye ile kengele ya kufunga mkanda kwenye ndege, mwili wote ukasisimka. Mliowahi kukesha angani leteni visa. Mimi kilichonitesa ni ukavu. Unyevu wa hewa mle ndani kwa kawaida uko chini ya asilimia 20, koo linakuwa kama limepakwa unga. Kunyweni maji.

Bi Dirishani: Kweli tupu. Na miguu je? Viatu viligoma kuingia.

Mzee Koridoni: Ndiyo maana nakaa kiti cha njiani, nasimama nikitaka.

Bi Dirishani: Na kila toroli ya chakula ikipita unagongwa goti. Endelea tu, mzee wangu.

Mama Pacha: Mmenikumbusha mbali. Tunaondoka Ulaya, mlango umeshafungwa, rubani anatangaza kuna hitilafu, nusu saa tu. Nusu saa ikazaa nusu saa nyingine. Joto, mapacha wanalia, nepi za akiba ziko kwenye mzigo mkubwa chini. Mara kaka mmoja akasimama, anataka kushuka, anagombana na wahudumu hadi polisi wakaja. Kumshusha yeye ni lazima na begi lake litafutwe. Hapo masaa ya kazi ya wahudumu yakaisha kisheria, wote tukashushwa. Watoto wamelala juu ya koti langu hadi asubuhi. Nilipodai fidia, shirika likamsingizia yule kaka. Bahati nilikuwa nimeandika muda na maneno ya rubani. Hitilafu ndiyo iliyoanza, na hitilafu ya kawaida ya kiufundi haihesabiwi dharura ya kukwepa fidia. Wakalipa.

Tiketi Mkononi: Duh! Yule kaka aliishia wapi?

Msafiri Mkavu: Ndege ikichelewa masaa matatu unalipwa, popote duniani.

Karani: Popote wapi? Kanuni 261 ya mwaka 2004, ile ya fidia kwa abiria wa ndege, ni ya Umoja wa Ulaya: unaondoka kule kwa shirika lolote, au unaingia kule kwa shirika la kwao. Zaidi ya kilomita 3,500 ni euro 600, na ukifika umechelewa kati ya masaa matatu na manne wanaweza kukupa nusu. Hali ya hewa ikichafuka hakuna fidia, ila chakula na hoteli ni haki yako palepale.

Msafiri Mkavu: Hizo za makaratasi. Mimi kaunta walinipa chupa ya maji.

Karani: Uliomba kwa maandishi?

Msafiri Mkavu: …

Tiketi Mkononi: Mama Pacha, tunasubiri habari za yule kaka!

Kiti cha Nyuma: Dawa ni kidonge cha usingizi, unaamkia unakokwenda.

Mzee Koridoni: Kijana, ulale masaa yote hayo miguu imekunjwa, damu igande? Tembea.

Bi Dirishani: Begi likichelewa ripoti kabla hujatoka uwanjani. Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, unakupa siku 21 za kulalamika kwa maandishi tangu ulipokabidhiwa. Likivunjika, siku 7 tu.

Mama Pacha: Jamani, yule kaka alitaka kuvuta sigara.

Tiketi Mkononi: SIGARA?

Mgeni Hapa: Samahanini wakuu, nina tiketi mbili za mashirika tofauti, ya kwanza ikichelewa inakuwaje?

Karani: Ingekuwa tiketi moja wangekutafutia ndege nyingine. Mbili tofauti, mara nyingi imekula kwako.