Mjadala: Video za indie rock ni sare ya shule, nani abishe?

Gitaa Bila Waya
Wakuu, jana usiku nimekaa nikaangalia video za indie rock kama arobaini mfululizo, za miaka ya tisini mpaka za juzijuzi, nimebaki nacheka peke yangu. Hawa wa indie si ndo wanaojiita huru? Mbona wote sare? Bendi inapiga katikati ya pori, magitaa ya umeme, waya hata mmoja hauonekani, umeme sijui unatoka kwenye miti. Picha ina chengachenga kama imeokotwa kwenye kabati la babu, tena ya mraba kama tivii za zamani. Mwimbaji kanuna, anaimba mapenzi yamemuua ila ukimwangalia usoni ni mtu anayesubiri basi. Mara anapita mtu kavaa kichwa cha sungura, ni nani, anataka nini, hatuambiwi. Mwisho vikaratasi vya rangi vinamwagika taratiiibu. Na mpiga drams huko nyuma hana kazi, ukimtoa ukaweka sanamu hakuna atakayejua. Mimi nasema huu ni uvivu uliovishwa koti la usanii. Nipingeni.

Super Nane
Mleta mada, chengachenga hazikuanza kama pambo. Bendi ya lebo ndogo, yaani kampuni ndogo ya kutoa muziki, haina hela, rafiki yao ana kamera ya Super 8, ile ndogo ya filamu ya kurekodia mambo ya nyumbani, basi hiyo ndo bajeti. Kasha moja la Super 8 lina mita 15 tu za filamu. Ukishuti fremu 18 kwa sekunde unapata dakika tatu na ushee, ukishuti 24 ni dakika mbili na nusu, wimbo wenyewe haujaisha filamu imeisha. Sasa unafanyaje, unachomeka dirisha, kidole, mguu wa mtu anatembea, kiti kitupu, chochote ulichonacho. Watu wakaona aah, hii ndo staili. Njaa ilitangulia, fasheni ikafuata. Leo mtu ana simu inatoa picha safi kabisa halafu anaichafua kwa programu, huyo mcheke na mimi nitakusaidia kumcheka, ila usimweke kapu moja na yule wa kwanza.

Toazi Moja
"Mpiga drams huko nyuma hana kazi." Nimerudia kusoma mara tatu nione kama ni utani.
Mimi nimepiga drams kwenye bendi ndogo, tumetoa video mbili ambazo nadhani walioziangalia ni sisi na ndugu zetu. Ya kwanza dairekta alitaka slomosheni. Unajua inavyofanyika? Wimbo unapigwa kwenye spika kwa kasi mara mbili, kamera inashuti fremu 48, baadaye inarudishwa 24, midomo inakaa sawa na maneno ila miili inaelea kama iko majini. Mwimbaji yeye anachezesha midomo tu. Mpiga gitaa anakuna hewa. Mimi natakiwa nipige kila pigo kwa kasi mara mbili, na matoazi yamefungwa vitambaa ili wenzangu wasikie spika, kwa hiyo nagonga kitu kinachotoa sauti kama mto wa kulalia, tangu asubuhi mpaka jioni, halafu mwimbaji ndo anasema amechoka. Gitaa unaweza kudanganya, besi unaweza kudanganya, ila mkono wangu ukiwa bado juu wakati mlio umeshatoka hata mtoto anaona. Hana kazi!!

Gitaa Bila Waya
Hahaha pole mkuu, ile ilikuwa sentensi moja tu ya kuchangamsha. Turudi kwenye mada.

Toazi Moja
Na hiyo moja ndo imeniuma.

Mama Kaseti
Hiyo ya kupiga haraka halafu wanapunguza kasi si ndo bendi ya Weezer walifanya kwenye video ya wimbo wao Undone? 1994, dairekta Spike Jonze, teki moja mwanzo mwisho, na katikati wanaachiwa kundi la mbwa wanakatiza jukwaani. Wanangu, indie kwangu ndo ile, hakuna hadithi, kuna wazo moja la kijinga linalofanywa kwa uso mkavu mpaka linakuwa zuri. Kama bendi ya OK Go na zile mashine za kukimbilia, watu wanne mashine sita, kamera imesimama haisogei.

Lebo Ndogo
Mashine NANE. Na Weezer si indie, walikuwa DGC chini ya Geffen, lebo kubwa. OK Go 2006 walikuwa Capitol, yaani EMI, kubwa vilevile. Indie maana yake lebo huru, tuheshimu neno jamani, vinginevyo kila mwenye sweta na miwani ni indie.

Mama Kaseti
Asante kwa mashine mbili za nyongeza. Kwa hiyo video nayo inaanza kusoma mkataba kabla haijaamua kuwa na chengachenga? Ile video ya OK Go kaongoza dada yake mwimbaji, Trish Sie, wakapata Grammy 2007. Dada mtu, kamera moja, watu wanne. Ukitaka iwe huru zaidi ya hapo unataka nini, karani wa lebo aje kugonga mhuri?

Lebo Ndogo
Usiniite karani. Miaka ishirini nanunua rekodi, najua ninachosema. Na hao OK Go walikuja kukosana na EMI sababu lebo ilizuia watu wasiziweke video zao kwenye tovuti zingine, 2010 wakaondoka wakaanzisha lebo yao wenyewe, Paracadute. Kwa hiyo mkataba UNAHUSU. Video ilipata umaarufu kwa watu kuipitisha mkono kwa mkono halafu lebo ikaja kufunga mlango.

Super Nane
Hapo Lebo Ndogo ana hoja kubwa ila kaitoa kwa hasira. Mwenye kujibu aijibu.

Msomaji Kimya
Mimi nimekuja kwa ajili ya drams. Kesi imefikia wapi?

Toazi Moja
Ipo. Bendi ya White Stripes walikuwa wawili tu, gitaa na drams. Toa drams unabaki na mtu mmoja na nguo nyekundu. Halafu angalia video yao ya The Hardest Button to Button, 2003, dairekta Michel Gondry. Kila pigo linatokea seti nyingine ya drams, zinajipanga barabarani, zinashuka ngazi, mpiga drams wao Meg White anaruka toka hii kwenda ile. Zilitumika seti 32. Thelathini na mbili! Kila seti inapangwa, watu wanatulia, inapigwa picha, wanahamia pigo linalofuata. Video nzima imejengwa juu ya mpiga drams. Leteni hiyo sanamu yenu ifanye hivyo.

Gitaa Bila Waya
Sikusema hawafai, nilisema kwenye video HAWAONEKANI.

Msomaji Kimya
Ulisema "hana kazi". Maneno yako yako hapo juu, hata hujayafuta.

Gitaa Bila Waya
Sawa, na huyo Gondry ni mmoja. Huyohuyo 2002 kawafanyia ile ya Lego, vitofali vya kuchezea watoto. Ukiondoa Gondry na Jonze unabaki na pori na sungura. Mnanitajia vipaji viwili halafu mnawagawia sifa bendi elfu.

Mama Kaseti
Hata indie wenyewe walishajicheka kabla yako kaka. Bendi ya Yo La Tengo 1997, video ya Sugarcube, bosi wa lebo anaona video yao haina kitu, anawapeleka shule ya rock wakafundishwe kuwa mastaa. Na hao walikuwa Matador, lebo huru, Lebo Ndogo apumzike.

Lebo Ndogo
Matador nayo ilishaingia ubia na lebo kubwa ya Atlantic miaka hiyohiyo ya tisini, ila nanyamaza.

Super Nane
Mngeanza na bendi ya The Replacements, video ya Bastards of Young. Picha nyeusi na nyeupe, spika inacheza wimbo, kamera inarudi nyuma polepole, mtu kakaa anavuta sigara, wimbo ukiisha anaipiga spika teke. Basi. Lebo inataka video, bendi haitaki, wakawapa hiyo. Kununa kote unakokuona leo kunaanzia maeneo hayo, tofauti ni kwamba wale walikuwa na mtu wa kumnunia. Hawa wa sasa sijui wanamnunia nani, wanajirekodi wenyewe na kupandisha wenyewe.

Msomaji Kimya
Na mpiga drams kwenye hiyo yuko wapi?

Super Nane
Bendi nzima haionekani.

Toazi Moja
Hiyo naikubali. Tukose wote.

Gitaa Bila Waya
Haya, drams nimeshindwa, yaishe. Ila nimeuliza tangu mwanzo na hakuna aliyenijibu. Yule mwenye kichwa cha sungura ni nani?

Toazi Moja
Kwenye video yetu ya pili nilikuwa mimi. Kichwa kina joto, matundu ya macho yako shavuni, nimejikwaa mara mbili.

Gitaa Bila Waya
Sasa drams alipiga nani?

Toazi Moja
Hakuna. Seti ilikaa yenyewe.

Gitaa Bila Waya
Na watu walisemaje?

Msomaji Kimya
Mkuu Toazi, jibu.

Msomaji Kimya
Mkuu?